Tumeihama Nyumba Kubwa

Laini za Polisi, Nyeri

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi, wewe na wote mnaoamka pamoja hapo Ukambani. Najua barua hii atakusomea kaka Musyoka. Kaka, soma polepole, na usiruke mahali utakapoona aibu. Magoti yako, Mama, yanaendeleaje? Mvua imeshuka, au bado mnatazama mawingu yakipita? Sisi tu wazima ingawa tumechoka. Kanini anakula na kukimbia kama kawaida, na mkono wake unapona. Habari za huo mkono ndizo zilizonifanya nikae na kalamu leo.

Uliniuliza kama ni kweli tunaishi katika nyumba ya Mzungu, na kama Mwikali mdogo wangu anaweza kuja kukaa nasi kwa kuwa vyumba ni vingi. Kaka naye aliandika kwamba ulisimama kanisani ukatoa shukrani kwa ajili ya nyumba hiyo. Nilisoma hapo nikalia. Nyumba ile tumeihama, Mama. Acha nikueleze ilivyokuwa.

Mzungu mwenye shamba moja karibu na msitu alichoshwa na hofu ya hii Hali ya Hatari. Akapanda gari na mke wake wakaenda Nairobi, wakaacha kila kitu. Inspekta akamwita baba Kanini akamwambia, "Koplo, nyumba isiyo na mtu itachomwa. Itakuwa kituo cha polisi, nawe utakaa ndani na familia yako. Askari wako watalala nyuma, kwenye nyumba za vibarua." Wewe unamjua mume wangu Kioko, si mtu wa kucheka ovyo. Siku hiyo alirudi anacheka. "Mama Kanini, funga mizigo. Leo tunalala kama Gavana."

Siku ya kwanza nilipotea humo ndani. Kweli kabisa. Nilitoka jikoni nikitafuta chumba cha kulala, nikajikuta mbele ya vichwa vya nyati vilivyotundikwa ukutani. Vitu vyetu ulivyoviona wewe mwenyewe, kitanda, meza, sufuria na sanduku langu la bati, tulivipanga vyote na nyumba ikabaki kama haijaingia mtu. Tukiongea, sauti ilitoka kwenye kuta ikaturudia.

Na baridi, Mama! Baridi ya huku huijui. Inashuka kutoka mlimani na ukungu, ikiingia kwenye nyumba kubwa haitoki. Tuliwasha moto katika lile shimo la ukutani wanalotumia Wazungu, kuni zikaisha bure, joto lote likapanda juu. Kufagia peke yake kulinimaliza. Nilikuwa nikifika chumba cha mwisho, cha kwanza kimeshajaa matope ya buti.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni baba Kanini. Alichukua chumba cha mbele kuwa ofisi. Akitoka doria anaingia kwa mlango wa mbele, anakunywa chai huko huko, anakaa peke yake. Tulipokuwa kwenye chumba kimoja hapa Laini nilijua siku yake ilikuwaje kwa vile anavyovua buti tu, na nilijua kama nimwulize au ninyamaze. Kule zilipita siku nikimsikia akitembea mbali, kama mpangaji nisiyemjua. Mambo anayoyaona msituni si ya mtu kukaa nayo peke yake, na mimi nilimwacha nayo kwa sababu ya urefu wa ukumbi.

Kisha wakaanza kuleta wanawake wa Kikuyu kuchimba handaki kuzunguka nyumba. Hawa wametolewa makwao wakarundikwa katika kijiji kimoja chenye ua wa miti iliyochongwa ncha. Kila asubuhi homu gadi, ambao ni watu wao wenyewe waliopewa bunduki na serikali, wanawapanga mstari na kuwapeleka kazini, na kazi hiyo haina malipo. Walikuwa wanakuja kunywa maji kwenye bomba letu. Mmoja anaitwa Nyambura, mwanamke wa rika langu, tukazoea kusemezana. Lugha yao na yetu ni jirani, na palipokatika tuliunga kwa Kiswahili.

Siku moja aliniuliza, "Wewe unakaa hii nyumba yote?"

"Ndiyo."

"Watu wangapi?"

"Watatu tu."

Akaguna, akaosha uso. "Mimi nilikuwa na nyumba ndogo huko kwetu. Ukikaa kwa moto unaona mlango, unaona mbuzi, unaona watoto wote. Hakuna mtu anaweza kuwa mgonjwa na wewe hujui. Tukaambiwa tubomoe. Nilibomoa na hii mikono."

Nikasema, nikidhani namfariji, kwamba hata hivyo kijijini amepata nyumba ndogo nyingine. Akaniangalia. "Huko tuko wamama watatu na watoto wetu kwa nyumba moja, na mlango inafungwa na mtu mwingine. Hiyo si nyumba ndogo, mama. Hiyo ni jela."

Akachukua jembe lake akarudi handakini.

Alasiri moja mvua ilinyesha kubwa. Nilimlaza Kanini kwenye chumba chenye moto, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na joto kidogo, nikaenda jikoni kuinjika mahindi na maharagwe. Jikoni ni mwisho mwingine kabisa wa nyumba, milango mizito katikati, na mabati yalikuwa yakipigwa na mvua. Kaa likaruka motoni likaangukia blanketi. Mama, mtoto wangu alilia mpaka sauti ikamkauka, nami niko nyumba hiyo hiyo nakoroga sufuria, na sikusikia kitu.

Aliyesikia ni Nyambura, nje, ndani ya handaki, katika mvua. Aliona na moshi dirishani. Akaruka juu na jembe lake mkononi akakimbia. Homu gadi akapiga kelele, "Simama! Nitakupiga risasi!" Hakusimama. Mimi nilichosikia ni kioo kikivunjika, ndipo nikakimbia.

Nilipofungua mlango chumba kilikuwa moshi mtupu. Nyambura alikuwa amepiga magoti, amemfunika Kanini kwa nguo zake zilizolowa, mikono yake inatoka damu ya vioo. Akasema, "Mtoto ni mzima. Ni mkono tu. Lete maji." Kabla sijayaleta homu gadi alikuwa ameshaingia. Alimpiga kwa kitako cha bunduki mgongoni, akamburuta nje. Nilimshika mkono yule mtu nikimwambia amemwokoa mtoto wangu. Akanisukuma. "Ametoroka kazi na amevamia kituo cha polisi na silaha. Wewe usiingilie."

Baba Kanini aliporudi nilikuwa nimeshaufunga mkono wa mtoto. Nilimweleza yote. Alimbeba Kanini, akatembea naye huku na huku.

"Utasema nini kwa Inspekta?" nikamwuliza.

"Mueni, unajua mambo yalivyo. Askari akimtetea Mkikuyu anaulizwa kiapo cha Mau Mau alikula lini."

"Najua."

"Naweza kufukuzwa. Tutarudi nyumbani mikono mitupu."

Nikamwambia, "Ukinyamaza, mimi nitambeba mtoto nitembee mpaka mjini nikaseme mwenyewe." Sikuwa namtisha. Nilikuwa nimeshavaa viatu.

Aliniangalia kwa muda mrefu, kama zamani. Halafu akavaa kofia akatoka.

Alisema kila kitu, Mama, mbele ya Inspekta na mbele ya yule homu gadi. Nyambura aliachiliwa akarudishwa kijijini. Baba Kanini alivuliwa tepe zake. Aliambiwa mtu mwenye huruma ya namna hiyo hafai kuachiwa kituo, na kesho yake akaletwa koplo mwingine. Kwa hiyo sasa yeye ni askari wa kawaida, na mshahara umepungua. Ukiona tunatuma kidogo, ndiyo sababu.

Tumerudi hapa Laini, kwenye chumba kimoja cha mviringo. Kitanda kiko upande huu, jiko upande ule, na mimi nikinyoosha mkono napata chumvi bila kusimama. Kufagia ni kazi ya kabla chai haijachemka. Jiko moja linatutosha joto. Jana baba Kanini alirudi, akavua buti, akaanza kuzungumza mwenyewe. Alizungumza mpaka chakula kikapoa. Sitayaandika aliyoyasema, lakini aliyasema, na baadaye alilala usingizi. Bado tumechoka sote wawili. Uchovu wa mambo haya hauondolewi na chumba. Ila sasa tunachoka pamoja.

Kwa hiyo Mwikali asije sasa, si kwa sababu ya nafasi, ila kwa sababu huku si kuzuri kwa msichana. Na kanisani, Mama, nakuomba usimame tena uwaambie kwamba binti yako hakai kwa Mzungu. Waambie na mume wangu amepoteza tepe, na kwa ajili gani. Usione haya. Mimi sioni.

Nisalimie kaka Musyoka, msomaji wetu, na mke wake. Msalimie shangazi anayesuka vyondo, baba mdogo mchunga ng'ombe, na bibi wa jirani aliyenizalisha Kanini.

Nilikwenda mpaka kwenye kile kijiji na blanketi langu zuri, lile la harusi, nimpe Nyambura. Mlinzi wa mlangoni alinigeuza. Nikamwuliza kama anamjua. Akacheka akasema, "Nyambura yupi? Humu wako wengi." Sikuweza kumjibu, kwa sababu sikuwahi kumwuliza jina la baba yake. Unapotuombea jioni, Mama, ukimaliza majina yetu, mtaje na yeye. Sema Nyambura wa mikono iliyokatwa na kioo. Mungu atajua ni yupi.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Mueni, mama Kanini