Mahali pa Kulilia

Mwanangu,

Pokea salamu zetu. Bomba la jikoni limeshatengenezwa, ila mimi situlii. Mara tatu nimesimama na kuirudia barua hii.

Mkeo ana mchezo wa kompyuta, ule wa watu wazima unaosomwa kama riwaya, msomaji akichagua njia mwenyewe. Kila mara huchagua njia ambayo bibi harusi wa hadithi hiyo hufariki, kisha hulia mpaka nguo anayoshona inalowa. Mimi, mwalimu mstaafu nisiyeacha kusahihisha, nikaona nimsaidie. Alipotoka kwenda kumpima mteja gauni, niliucheza mpaka bibi harusi akapona, nikafuta zile njia zake zote alizokuwa amezihifadhi humo.

"Baba, nani kakutuma?" alifoka aliporudi na kukuta zimefutwa.

"Binti yangu, uchungu wa bure wa nini?"

"Si wa bure! Tulipomzika mwanetu mliniambia nijikaze. Huyu nikimlilia, hakuna anayeninyamazisha."

Aliyesema "jikaze" kwa sauti kubwa kuliko wote ni mimi. Wewe nawe ulirudi kazini siku ya tatu baada ya mazishi, na tangu hapo kila ukipiga simu unaulizia bomba.

Sasa anakunja nguo zake, anataka kurudi kwao. Nimemsihi angoje wiki moja. Njoo, mwanangu, lakini usije kumtuliza. Kaa karibu naye, mlie pamoja. Mimi nimeshaanza.

Ni mimi baba yako, ninayekungoja mlangoni.