Tangazo Lililosema Amepumzika

3 Machi

Kaka Sindano,

Habari za huko, na mgongo unaendeleaje? Nyumbani sote wazima, ila shuleni tuna msiba. Mvulana wa kidato cha tatu alijiua Jumapili. Mkuu wa shule alitaka tangazo kabla ya saa mbili asubuhi akanitupia mimi, eti mwalimu wa Kiswahili ana maneno laini. Nikaandika kwamba mwenzetu alikuwa amechoka, sasa amepumzika, hana maumivu tena. Lilisomwa mbele ya shule nzima. Mkuu akanipa mkono wa pongezi.

Wewe unayeshinda wodini na wagonjwa wa akili, niambie kama nilikosea.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu Chaki,

Salamu nimezipata. Mgongo ni ule ule, umenizidi umri.

Ulikosea. Kwenye watoto mia sita hawakosi waliochoka, nawe umewaambia kifo ni mapumziko. Andikeni upya. Semeni alijiua, msieleze jinsi. Semeni maumivu ya namna ile yanatibika, na mtaje mtu wa kumwendea na chumba alichomo. Mlisome darasa kwa darasa. Na mtoto ukimtilia shaka, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumwingizii wazo kichwani.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Natumai hujambo. Mkuu amekataa. Alisema kikaoni, "Mwalimu, marehemu tumeshamzika, wewe unataka kumfukua kwa karatasi?" Walimu wakacheka, kile kicheko cha kutaka kikao kiishe.

Barua yako ilinikuta nimeshasahihisha insha za kidato cha kwanza. Nikalirudia daftari moja. Msichana wa dawati la nyuma aliandika: "Hata mimi nimechoka, nataka kupunzika kama yule kaka." Nilikuwa nimempa kumi na nne kati ya ishirini. Lile "kupunzika" nililizungushia wino mwekundu, nikaandika pembeni: tahajia.

Nilimwita maktaba nikamuuliza kama ulivyosema. Alijibu ndiyo, upesi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Nilikaa naye mpaka kengele ya mwisho, kisha nikampeleka kwa mkuu. Mkuu akampigia baba yake simu, msichana amesimama hapo hapo: "Njoo umchukue binti yako, naye anataka kutuletea yale yale."

Jumatatu dawati lilikuwa tupu. Kwenye fomu ya uhamisho, sababu iliyoandikwa ni kwamba familia inahama.

Mdogo wako

27 Machi

Mdogo wangu,

Hali yako siiulizi, naijua. Ulimuuliza akakujibu. Hapo ulifanya sawasawa.

Shule aliyokwenda haijui lolote. Itafute. Ukiipata, sema kwa ufupi: ameniambia anafikiria kujiua, asiachwe peke yake, aonwe na mtaalamu. Wamlete hata hapa, nitampokea mwenyewe.

Kaka yako

9 Aprili

Kaka,

Natumai mzima. Nilipiga simu shule kumi na moja. Ya kumi na mbili, karani akasema yupo, ameanza wiki hii. Halafu akauliza, "Kwani ana tatizo? Maana hapa wenye matatizo hatukai nao."

Barua yako ilikuwa mezani mbele yangu. Nikaona nikisema watamfukuza, atarudi kukaa ndani na baba yake. Nikajibu hana tatizo lolote, naomba tu umpe salamu zangu. Akasema zitafika.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Leo asubuhi nimepiga tena, nikayasema yote kama ulivyoyaandika. Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema msichana hajaonekana shuleni siku tatu, na nyumbani kwao simu haipokelewi. Amenipa anuani.

Natoka sasa hivi.

Mdogo wako

30 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako ya tarehe tisa ilifika zamani. Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Simu yako inaita tu.

Lolote ulilolikuta kule, niandikie.

Kaka yako