Mvua Iliyogeuza Karatasi

Thika, Jumanne, Aprili 1955. Mvua tangu asubuhi, na moyo mzito.

Nimefanya jambo baya. Afadhali niliandike kabla sijaanza kujitetea.

Wiki jana maji ya pipa letu, yale tunayokinga kwenye mabati, yalikuwa machachu. Mtoto akaharisha. Kazi yangu katika kiwanda cha ngozi ni kupima madawa ya kulowekea kwa karatasi za buluu. Karatasi ikigeuka nyekundu, kuna mtu ametia asidi. Miaka minne sijaona nyekundu isiyo na mkono wa mtu. Nikatia karatasi chache mfukoni bila ruhusa, nikachovya moja kwenye pipa la nyumbani.

Nyekundu.

Nikamshuku Mama Wangari, jirani wa mlango wa pili. Yeye Mkikuyu, sisi tumetoka Maragoli, na siku hizi za Hali ya Hatari, Wakikuyu wanapokamatwa kwa neno tu, watu wanatazamana kwa pembe ya jicho. Tena alikuwa amegombana na mke wangu juu ya kamba ya kuanikia nguo. Mke wangu alinikanya: "Baba Amos, huyu ndiye aliyenishika mkono nikijifungua." Sikumsikiliza. Jumamosi nikaenda kwa askari, nikasema jirani ametutilia sumu. Jumapili wakamchukua.

Leo, sijui kwa nini, nilikinga mvua kwa bakuli safi katikati ya uwanja, mbali na mabati, mbali na mikono ya watu. Karatasi ikawa nyekundu vilevile. Nikadhani zimeharibika. Nikatembea hadi mto Chania, juu huko moshi wa kiwanda usikofika, nikachovya nyingine. Ikabaki buluu.

Sasa naushuku moshi wa bomba la kiwanda chetu, ule ninaopita chini yake kila siku. Namshuku bwana mkubwa wa kiwanda, ambaye maji yake ya kunywa huletwa kwa gari kutoka Nairobi. Najishuku mimi pia. Je, nilikwenda kwa askari kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya ile kamba?

Naona aibu.

Nikieleza ukweli, wataniuliza karatasi nilizitoa wapi, na kazi itakwenda. Iende tu. Kesho asubuhi nitapeleka bakuli kituoni.

Ila Jumamosi yule askari hakuniuliza ushahidi wowote, aliandika tu jina la mama wa watu. Kesho nikimwambia ni mvua, atanisadiki?