Kurasa Kumi na Mbili

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto. Huku tu wazima, ila Shangazi magoti yanamsumbua, naye anayalaumu kama vile ni ya jirani. Mimi bado niko kiwanda cha uchapaji, nasahihisha makosa ya wenzangu. Barua yako niliipata Jumanne, nimeisoma mara nne. Unanijua, mimi na kusoma ni chanda na pete.

Unasema kitabu chako kinachapwa mara ya pili, na kwamba ukurasa wa mbele utaeleza kuwa Baba alikisikia chote, hadi neno la mwisho, akatabasamu. Ndiyo maana nimeona nikuandikie haraka.

Unaikumbuka sheria ya Baba. Katika nyumba ya fundi wa kujalidi vitabu, kuchungulia mwisho ni sawa na kudokoa chungu kikiwa jikoni. Mimi aliniita Mchwa, kwa jinsi nilivyotafuna kila alicholeta kutoka karakana, hata vitabu vya maelezo ya mashine, lakini mwisho sikuugusa kabla ya zamu yake. Mpaka leo, na mvi hizi, nikishika riwaya nafunika ukurasa wa mwisho kwa karatasi, jicho lisije likateleza.

Presha ya macho ilipompofusha, nikawa namsomea kila alasiri nikitoka kazini. Kitabu chako kilipofika alikipapasa mgongo kwanza, akanung'unika kwamba wamekigandisha kwa gundi tu, hawakukishona. Jina lako hakulitaja, kama alivyokuwa halitaji miaka yote tisa tangu uondoke bila kuaga. Akaniambia nianze hiyo hadithi yako ya binti aliyetoroka kwao.

Daktari alikwisha kuniambia kwamba moyo wa Baba umechoka, zimebaki wiki chache. Lakini nilimwona anaamka, anakula, anauliza saa, yote kwa sababu anataka kusikia kinachofuata. Nikaingiwa na ujinga wa utu uzima: nikaamini kitabu kikiisha, naye ataondoka. Nikawa namrudishia kurasa za jana nikijifanya ni za leo. Siku nyingine nasoma nusu ukurasa, nasingizia koo limekauka. Nilitaka abaki, dada. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu kwenye nyumba ile.

Alasiri ya mwisho alikiomba kitabu, akazibana kwa kidole gumba kurasa zilizobaki. Mtu aliyejalidi vitabu miaka arobaini humdanganyi kwa unene wa karatasi.

Akasema, "Mwanangu, kitabu hakipungui. Nisomee, nijue kama huyo binti alirudi kwao."

Nikamjibu, "Kesho, Baba."

Asubuhi hakuamka. Zilikuwa zimebaki kurasa kumi na mbili. Nilizisoma baada ya mazishi, nimekaa kwenye kitanda chake, na hapo ndipo nilipojua ulichokuwa umemwandikia: binti anarudi, anasimama mlangoni, anamwomba baba yake msamaha. Ningechungulia mara moja tu maishani mwangu, ningemsomea hayo siku ile ile kitabu kilipofika. Uliponipigia simu jioni ile kuniuliza kama alifika mwisho, ulimi uliteleza nikasema ndiyo. Tabasamu nililitunga mimi. Baadaye ukaniambia kwamba limekurudishia usingizi, nikazidi kushindwa kulifuta.

Sikuombi unisamehe upesi. Ukinikasirikia, ni haki yako, nami nitaipokea barua yako vyovyote itakavyokuja. Ninachokuomba ni usiuchapishe ukurasa ule. Na ukipenda kuweka ukweli mahali pake, andika kwamba aliuliza kama binti alirudi.

Shangazi anakusalimu sana. Haya yote hayajui. Nibusie watoto, na shemeji mpe salamu zangu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mchwa