Chumba cha Luqmani

Jumanne, 14 Machi 2006

Mashine mpya imefika! Mpya kwetu, maana huko Dubai ilikotoka wameitumia mpaka wakaichoka. Bosi Castory kaibeba mwenyewe kutoka stendi ya Msamvu, hataki mtu aiguse. Akasema hili ndilo soko huria, Yustina, zamani tungengoja kibali cha wizara. Nikamwambia zamani tusingekuwa na cha kuombea kibali. Akacheka. Leo alikuwa tayari kucheka chochote.

Kazi ya siku nzima: kuhamisha wapangaji. Ndivyo ninavyowaita. Mashine, yaani seva ya kutunza tovuti za wateja, ni moja, mfumo unaoiendesha, Linux, ni mmoja, ila ndani nimeigawa vyumba sita. Hoteli wana chao, shule ya masista wana chao, yule wa vipuri vya matrekta naye ana chake. Kila chumba kina anwani yake na neno lake la siri, na aliyemo anajiona ana seva nzima peke yake. Jirani hamwoni, hamsikii. Raha iliyoje! Sisi huku Mji Mpya jirani akipiga chafya tunamjibu kupitia ukutani. Mwenye nyumba tu, yaani mashine mama, ndiye anayeviona vyumba vyote. Na mashine mama naiendesha mimi.

Chumba cha sita ni cha Luqmani.

Tulisoma wote Mzumbe, tukafanya kazi hapa meza moja, halafu Agosti akapata mradi wa kupima maji ya mito. Yuko Kisaki. Simu hazishiki. Mara moja kwa mwezi anapanda treni kwenda Dar kupeleka vipimo vyake, na akiwa huko anatafuta intaneti kafe, anaingia chumbani kwake, anaweka picha za mito — na barua ya kunipa mimi. Anachukua niliyomwachia. Hakuna anayejua isipokuwa dada yake, Yasmin. Baba akijua! Mzee Anselmi, tangu wampunguze kiwandani walipobinafsisha, amebaki na vitu viwili: baiskeli na parokia. Mkwe Mwislamu hayumo.

Januari Luqmani aliniuliza waziwazi kama nitakubali anioe. Akaandika kwamba hatanipigia simu wala hataniuliza mara ya pili, hataki nijibu kwa kumwonea haya. Kama ni ndiyo, niandike. Kama bado nafikiri, ninyamaze, atangoja. Kama ni hapana, nisijisumbue kutafuta maneno: nibadilishe tu neno la siri, akikataliwa mlangoni ataelewa.

Posa gani hiyo! Lakini ndivyo alivyo.

Februari alikuta kimya. Leo nilipomaliza kuhamisha chumba chake nikakaa nacho, ofisi nzima wameenda kula. Nikaandika: Ndiyo. Halafu nikaandika jina langu chini, utadhani kuna mwingine angeweza kumjibu.


Alhamisi, 16 Machi

Mgao. Umeme ulikatika asubuhi, jenereta ikanguruma mpaka kichwa kinauma. Mashine mpya haikutetereka. Wapangaji wote wazima.

Jumamosi anakwenda Dar. Nimeosha nywele. Kwa nini nimeosha nywele? Mtu anakwenda Dar, mimi niko Morogoro, na atakachokiona ni maandishi.


Jumapili, 19 Machi

Baada ya misa nikamdanganya mama kwamba kuna mteja ana shida. Nikaenda ofisini. Nikaingia chumbani kwake kwa mlango wa ndani, kupitia mashine mama, kama ninavyoingia siku zote.

Hakuna. Aliyeingia mwisho ni yeye, mwezi uliopita. Jibu langu lipo palepale, halijaguswa.

Labda mvua. Labda hakusafiri.


Jumamosi, 25 Machi

Sikuandika wiki nzima kwa sababu hakuna la kuandika. Nimemkumbuka. Basi, ndilo hilo. Namkumbuka anavyokunja mikono ya shati kabla ya kugusa kibodi, kama fundi gari. Namkumbuka anavyosema "subiri kwanza" wakati hakuna aliyemharakisha. Nikitazama milimani, mawingu yameshuka mpaka miguuni, nafikiri mvua hii hii inateremka mitoni na yeye atasimama na fimbo yake kuipima. Mimi sina hata fimbo. Hamu naipimia wapi?

Castory kaja na jipya. Wakulima wa mboga wa Mgeta wameunda umoja, wanataka seva ya kutangaza bei zao kwa wanunuzi wa Dar. Nikasema vizuri. Akasema wape chumba cha sita. Nikasema kina mtu. Akasema mtu gani, hata kuingia haingii, asiyekuwepo na lake halipo, futa. Nikamweleza kwamba naweza kuwabana wapangaji wote kidogo kidogo kwenye kumbukumbu ya mashine, cha saba kikapatikana. Hataki, mashine itazidiwa. Wa Mgeta wanaingia Jumatatu ya tarehe 10. Mpaka hapo.

Kufuta ni amri ya mstari mmoja, nami ndiye nitakayeiandika.


Ijumaa, 31 Machi

Hakuna.


Jumatano, 5 Aprili

Naandika haraka, mwandiko mbaya.

Jioni nilipita sokoni. Yasmin anauza ndizi upande wa nyuma. Siku zote akiniona ananiita wifi kwa sauti ya chini na kunichekea. Leo akaangalia mizani yake. Nikamsalimu, akaitikia kama unavyomwitikia mteja mwenye maneno mengi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema hana ugomvi na mimi, kila mtu ana haki ya kukataa.

Kukataa nini?

"Dada Yustina, usinifanye mtoto," akasema. "Kaka alikwenda Dar mwezi uliopita, akabisha huko kwenu, neno la siri limekataliwa. Kesho yake akarudia, likakataliwa. Amerudi Kisaki kama mtu aliyetoka kuzika."

Nikamwambia sijabadilisha kitu. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Ndipo akaniambia yaliyobaki: mama yao, Bi Mosi, alipokwenda Kisaki kumtembelea na kumwona mwanawe hali ile, akaona dawa ni mke. Kapatikana binti wa Duthumi, anaitwa Furaha. Jumapili hii wazee wanapeleka posa. Luqmani hakusema ndiyo wala hapana. Alisema fanyeni mnavyoona.

Sikununua ndizi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye intaneti kafe ya Editha, hapo mkabala na ofisi yetu, maana nilitaka kubisha kutoka nje kama anavyobisha yeye. Nikaandika anwani ya chumba cha Luqmani. Mlango ukauliza jina, nikaandika lake. Ukauliza neno la siri, nikaandika lake. Nalijua, sikuligusa.

Ukakataa.

Nikarudia polepole, herufi moja moja. Ukakataa. Nikakaa kama mjinga, Editha anauliza kama mtandao umekufa. Halafu, sijui kwa nini, nikaandika jina langu mimi, na neno langu la siri la ofisini. Ukafunguka! Lakini sikuwa chumbani kwa Luqmani. Nilikuwa sebuleni, kwenye mashine mama.

Nikaelewa pale pale.

Mashine mama, usipoiambia vingine, inaitikia hodi za milango yote. Unabisha kwa mpangaji, anaitika mwenye nyumba. Na mwenye nyumba hamjui Luqmani, kwenye daftari lake jina hilo halimo, kwa hiyo anasema hapana, hapana, hapana. Dawa yake ni mstari mmoja: itikia mlango wako tu, ya wengine waachie wenyewe. Kwenye mashine ya zamani niliuandika. Kwenye mpya nilisahau. Nilikuwa na haraka ya kumaliza nikaandike ndiyo yangu.

Wapangaji wengine hawakulalamika, wao kwao ni tovuti na barua pepe tu, hawaingii ndani. Nami huingia kwa mlango wa ndani. Anayebisha nje ni yeye peke yake.

Nikatazama orodha ya waliobisha upande wa mashine mama, ambako sikuwahi kutazama. Jumamosi ile alibisha. Akabisha tena, akabisha tena, mpaka nadhani kafe walimfukuza. Jumapili asubuhi akarudi. Nilikuwa kanisani, nikiomba aje.

Nimeuandika ule mstari. Nikabisha tena kwa jina lake, mlango ukafunguka, jibu langu limo. Na yeye hatabisha tena. Kwa nini abishe? Alishajibiwa.


Alhamisi, 6 Aprili

Nimepiga simu kila ninapoweza kufikiria. Mradi wao Dar wanasema yuko mtoni. Simu ya upepo ya kambini mbovu. Yasmin amemtuma mtu na ujumbe kwa mama yake. Bi Mosi amejibu kwamba mlango uliofungwa haufunguliwi na mashine. Mama mkali huyo. Ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Usiku nikawaza: kwa nini sikumwandikia karatasi? Kwa nini sikupanda basi Februari ile ile nikamwambia? Kwa sababu chumbani mle baba hasikii. Nilipenda mahali ambapo naweza kusema ndiyo na asinisikie mtu. Nikapata, na kweli hakunisikia mtu.


Ijumaa, 7 Aprili

Nimemwambia Castory kesho sipo. Akasema na wa Mgeta? Nikamwambia cha saba nimekitengeneza, nimewabana wapangaji, mashine inakwenda vizuri, aangalie mwenyewe. Na cha sita asikiguse. Akasema naongea kama bosi. Akasema nikichelewa Jumatatu nisirudi kabisa. Simjui vizuri kiasi cha kujua kama anatania.

Nyumbani baba akaniuliza naenda wapi na begi. Nikasema kikazi, Kisaki, kuna mteja.

"Kisaki kuna tembo," baba akasema. "Mteja gani?"

Alikuwa ameshika tairi la baiskeli, analipapasa akitafuta tundu. Akaniangalia, halafu akaenda ndani, akatoka na koti lake la mvua la kiwandani, lile la kijani. Akasema barabara ya huko ni mbaya msimu huu. Anajua? Sijui anajua nini. Niko kitandani nimelikumbatia hilo koti, nalia, ovyo kabisa, mtu mzima.


Jumamosi, 8 Aprili

Tumesimama Mvuha. Tulitoka alfajiri, tukapita Matombo, mvua haijakatika tangu huko. Mto umefunika barabara. Dereva kazima injini na kuvuta kofia usoni. Kondakta anasema maji yakipungua tutavuka, yasipopungua tunarudi Morogoro. Hasemi saa ngapi. Ng'ambo kuna lori limesimama, linaelekea kusini, linabeba wanaovuka kwa miguu. Vijana wa hapa wamefunga kamba mti hadi mti, wanavusha watu mmoja mmoja. Foleni ndefu. Wenye mizigo wanalipa zaidi, wanatangulia.

Naandika nimesimama chini ya koti la baba. Kesho ni Jumapili ya Matawi. Kesho wazee wako Duthumi.

Pembeni yangu kuna bibi wa Kiluguru, amekaa juu ya gunia lake la chumvi, hana haraka na dunia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama viatu, akacheka. Akaniuliza mimi ni wa wapi, nikamwambia. Akaniuliza ninakwenda kwa nani.

Ulimi ulikuwa tayari na lile la mteja. Nimelisema kwa mama, kwa baba. Lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Kwa mchumba wangu," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Watu wa kwenye foleni wakageuka. Ni mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwangu, na limetokea kwenye matope, mbele ya watu nisiowajua.

Bibi akauliza ni nani. Nikasema Luqmani, mpima maji. Mwanamume mmoja nyuma yetu, mwenye panga na ndoo, akadakia kwamba Luqmani wa mtoni anamfahamu, na mbona Luqmani kesho anakwenda kuposa Duthumi, wamealikwa wote? Nilitamani maji yanichukue. Bibi akaniangalia tena, safari hii si viatu. Akauliza kama huyo Luqmani anajua kwamba nakuja. Nikasema hajui. Akauliza kama mimi najua kuhusu Duthumi. Nikasema najua, ndiyo maana nakuja.

Akainuka. Gunia akaliacha hapo hapo. Akaenda mpaka kwenye kamba, akawapita wenye mizigo wote, akawaambia wale vijana kitu kwa Kiluguru, kirefu, akininyooshea kidole. Wenye mizigo wakaanza kunung'unika. Akageuka na kuwaambia kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie:

"Huyu kwanza. Chumvi yangu itangoja."

Ng'ambo lori limewasha injini. Nimevua viatu, nimevifunga shingoni. Shajara nitaitia ndani ya koti, upande mkavu. Kijana kanishika mkono, ananiambia nisitazame maji, nitazame ule mti wa upande wa pili, na nisiachie kamba hata nikiteleza. Nakwenda.