Matundu Mawili kwenye Tyubu ya Paulina

KIKUNDI CHA WABEBA ZABIBU KWA BAISKELI, MAKUTUPORA
KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 23 Agosti 2025
Mahali: Kibanda cha mizani
Waliohudhuria: Nathanaeli Chilongani (Mwenyekiti), Mwanamvua Swalihu (Katibu), Harithi Abdulwahab (fundi), Paulina Masima na wabebaji wengine tisa.
Hakuwapo: Elisha Mbijili. Hakutoa taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/08/2025: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa 9:10 alasiri badala ya saa 8:00. Mwenyekiti alikuwa anakula.

KUMB. NA. 2/08/2025: BAISKELI ALIYONYANG'ANYWA PAULINA
Mwenyekiti alieleza kwamba Paulina alipewa baiskeli ya gia ya kikundi ikiwa nzima, akairudisha na pancha ya sita na ringi ya nyuma imepinda. Alidai Paulina anapita njia ya mkato yenye miiba, kisha anadanganya. Alipendekeza baiskeli apewe mtu mwingine msimu wote.

Paulina alijibu kwamba hajawahi kupita huko. Wiki mbili za mavuno amekaa bure, na watoto wanamuuliza kama kweli yeye ni mwongo, maana Mwenyekiti alimwita hivyo mbele yao.

KUMB. NA. 3/08/2025: MAELEZO YA FUNDI
Harithi aliweka tyubu mezani. Alisema mwiba hutoboa tundu moja, lakini hii ina mawili yaliyokaa sambamba, kama mtu aliyeumwa na nyoka.

"Upepo ukiwa mdogo na keria ina mzigo, tairi likigonga jiwe tyubu inabanwa na ringi. Inatoboka huku na huku, na ringi inapinda."

Alishauri upepo ujazwe kulingana na mzigo, upimwe kwa geji kila asubuhi, si kwa kidole, na mwendo upunguzwe kwenye mawe.

Mwenyekiti aliulizwa nani aliagiza upepo upunguzwe. Alisema hakumbuki. Katibu alimkumbusha kuwa ni yeye, mwezi Julai, ili zabibu zisipondeke kwa kutikiswa. Mwenyekiti alimwambia Katibu kazi yake ni kuandika, si kusema. Katibu alikasirika, na ameandika.

KUMB. NA. 4/08/2025: JARIBIO
Wajumbe walimtaka Mwenyekiti apakie kreti mbili, kwa upepo ule ule aliouagiza, aende hadi kalavati na kurudi. Alisema mgongo unamuuma. Mjumbe mmoja alisema mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwenyekiti alipanda.

Alirudi kwa miguu, akisukuma. Harithi alitoa tyubu mbele ya wote. Ilikuwa na matundu mawili.

Iliazimiwa kwamba Paulina arudishiwe baiskeli leo hii, upepo ujazwe, na kreti zitandikwe nyasi kavu kulinda zabibu.

KUMB. NA. 5/08/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti alitaka kufunga kikao. Wajumbe walikataa mpaka aseme neno. Hatimaye alisema, "Paulina, hukudanganya. Mimi ndiye niliyeagiza."

Paulina alijibu, "Mimi nilikuwa najua hilo, mzee. Kawaambie wanangu."

Kikao kilifungwa saa 11:40 jioni ili Mwenyekiti aende.

N. Chilongani ………………… Mwenyekiti
M. Swalihu ………………… Katibu