Dada Amemkasirikia Kondoo Wangu

Shangazi mpendwa, shikamoo, nakuomba unisikilize hadi mwisho maana hata mume wangu amechoka kunisikiliza, anasema nikitaja tena neno kondoo mezani atahamia kwa mama yake.

Mimi ni mwalimu wa chekechea na kuchora ndiyo furaha yangu, na baada ya kuzimaliza kuta zote za darasa kwa michoro mwalimu mkuu akaniambia si utengeneze kitabu basi utuachie ukuta, nikatengeneza, kitabu cha picha chenye maneno machache, kinahusu kondoo mwenye manyoya mengi anayekutana na wenzake wanaotetemeka, akampa mbuzi soksi za manyoya yake, akampa kifaranga blanketi, akampa punda mzee kofia yenye matundu ya masikio, hapo watoto hucheka mpaka wanagaragara, na ukurasa wa mwisho kondoo amebaki mtupu kabisa, amesimama kwenye mvua anatabasamu, na chini nimeandika, "Kondoo hakuona baridi, kwa sababu alipenda." Kila aliyeuona ukurasa huo amelia, hata mchapishaji, na yule si mtu wa kulialia.

Sasa Shangazi, huyo kondoo ni dada yangu. Mama alifariki nikiwa bado na meno ya utoto, dada mwenyewe akiwa msichana wa shule, na ndiye aliyenilea, akaacha masomo akaenda kufua na kupiga pasi mashuka kwenye nyumba ya wageni, yuko hapo mpaka leo, na mwaka nilioanza darasa la kwanza alilifumua sweta lake la rangi ya damu ya mzee akanifumia mimi la shule, yeye akawa anatoka alfajiri na blauzi tu, nikimuuliza ananiambia, "Mimi sioni baridi, mtoto we, vaa twende," nami nikaamini, Shangazi, niliamini kabisa kwamba Mungu alimuumba dada yangu hivyo, baridi haimpati.

Basi nikataka kumfurahisha bila yeye kujua. Siku ya wazazi nikamwalika shuleni, akaja amependeza, akakaa nyuma kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, nikasoma, na nilipofika mwisho msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, kondoo haoni baridi kweli?" nikamjibu, "Haoni, mpenzi, ukipenda huoni baridi," na kabla sijakifunga kitabu nikasikia sauti ya dada kule nyuma, wala haikuwa ya hasira, ya kawaida tu, ikisema, "Anaona." Akachukua mkoba wake akatoka. Nilikuwa hata sijawaambia watu kwamba kitabu kile ni zawadi yake.

Tangu siku hiyo nikimpigia simu anapokea, "Mzima, nashukuru, watoto hawajambo?" basi, yeye ambaye zamani tulikuwa tunaongea mpaka simu izime. Mume wangu anasema ni wivu, kwamba mdogo mtu ametunga kitabu na yeye bado yuko kwenye mashuka. Mchapishaji anataka michoro wiki hii na anasema nikiuondoa ukurasa ule kitabu kimekufa. Mimi nampenda dada yangu kuliko kitabu chochote, lakini na hiki nakipenda, na siku zote nilidhani kumpenda yeye na kukipenda kitabu ni kitu kimoja. Nimemkosea nini mtu niliyemsifu namna ile? Niuondoe ukurasa, niache kitabu chote, au nimsubiri apoe? Nisaidie, hata kuchora siwezi tena.

Mwalimu wa Chekechea

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Mumeo naye mpe pole ya kondoo, lakini hiyo habari ya wivu mwambie aiache, hajui anachosema. Mwanamke aliyefumua sweta lake mwilini ili wewe uende shule hawezi leo kukuonea wivu wa karatasi.

Nimecheka hapo kwenye magoti na kidevu, kisha nikafika kwenye lile neno "Anaona" nikaiweka barua chini kwanza. Kwamba unampenda dada yako hakuna ubishi. Ila una macho ya mchoraji na hukuona! Umemwita mbele za watu, ukamwonyesha picha yake akiwa mtupu kwenye mvua, halafu ukawatangazia watoto kwamba hasikii lolote. Mwanangu, yeye alisema haoni baridi ili uvae bila kulia na msichelewe. Ukiwa mdogo ulikuwa na haki ya kuamini. Sasa ni mtu mzima, una kabati la nguo na watoto wako mwenyewe unaowadanganya vivyo hivyo kila siku, na bado unaamini. Tena umepaka rangi unataka kuchapisha. Yule msichana darasani alikuuliza swali la maana, ukamjibu harakaharaka asije akakuharibia mwisho wako mzuri.

Kumsifu siyo kosa. Kosa ni kusema kwamba alichokupa hakikumgharimu. Kama kondoo haoni baridi, ametoa nini? Amenyoa nywele tu. Dada yako alitetemeka kila alfajiri na hakulidai sweta lake, na hilo ndilo alilotaka ulijue, hata kama hakuwahi kulisema.

Usimsubiri apoe. Watu wa namna yake hawapoi, wanazoea, na akishazoea utampoteza huku anakusalimia vizuri tu kila Jumapili.

Mwambie mchapishaji asubiri. Aliyelia kwa kondoo hawezi kukufukuza. Nenda kwa dada siku yake ya mapumziko, peke yako, na kitabu kibaki nyumbani. Usibebe keki. Usipige magoti mlangoni ukaanza kulia, maana ukilia ataacha yake akubembeleze wewe, kazi hiyo ameshaifanya vya kutosha. Akinyanyuka kuweka chai mwambie akae, weka wewe, hata kama itabidi ufungue makopo yote kuitafuta sukari. Kisha muulize, "Dada, ulikuwa unaona baridi?" na ufunge mdomo. Atakwambia, "Yamepita hayo." Usimsaidie kuyapitisha. Kaa hapo hapo mpaka aseme.

Ukurasa usiuondoe. Mvua iache, kondoo mwache mtupu, lakini yale maneno ya chini yafute uandike kwamba alitetemeka, na tabasamu lile nalo lifute, usilirudishe mpaka mwenye nalo akwambie kama lilikuwepo. Watoto wako wa chekechea hawatavunjika moyo. Wao ndio walioshtuka kwanza.

Sasa lililo gumu kuliko yote. Muulize anataka nini. Usimuulize ana shida gani, hilo jibu lake unalijua, hana shida. Muulize anataka nini. Nimeisoma barua yako mara mbili, mwanangu: umenieleza kila alichokitoa, na hukunitajia hata kitu kimoja anachokipenda. Huenda anataka viatu vyekundu. Huenda anataka kurudi shule na umri huo, au anataka tu mtu ampikie siku nzima yeye alale. Chochote kitakachomtoka, hata kiwe cha kuchekesha, usimkatize kwa kumwambia, "Dada nawe, si ungesema tu!" Atababaika, ataanza na kurudi nyuma, atakwambia basi liache, kwa sababu kuomba hakujui. Mvumilie, mwanangu. Mwache aombe mpaka amalize.